Seva mbili ndani ya laptopu ya GB 8

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Ninaandika mfumo wa mikopo wa SACCOS moja hapa Morogoro kwa Django, zana ya Python ya kutengenezea tovuti. Laptopu yangu ni Windows 11 Home, RAM GB 8, SSD GB 256. Kwangu mfumo unakwenda vizuri, ila nikiupeleka kwa mteja unaleta makosa ambayo sijawahi kuyaona. Mteja ana seva mbili za Ubuntu 24.04, moja ya programu na nyingine ya hifadhidata ya PostgreSQL. Mimi kwangu natumia hifadhidata ya SQLite. Nilijaribu kuweka Ubuntu ndani ya VirtualBox, laptopu ikaganda. Mmoja ananiambia nitumie WSL, mwingine Docker, mwingine nifute Windows kabisa. Bando langu ni dogo na umeme wetu unaujua. Nifanyeje?

Jibu: Ndugu yangu, salama kabisa. Usinunue laptopu nyingine na usifute kitu chochote. Laptopu yako inatosha kubeba seva zote mbili za mteja kwa udogo wake, na hiki ndicho nitakachokuelekeza. Ila kabla ya kugusa VirtualBox, nataka uelewe makosa yako yanatoka wapi, maana ukiyaelewa utajua mashine pepe zako, yaani kompyuta za kuigiza ndani ya laptopu, zifanane na seva za mteja katika mambo gani, na mambo gani uyaache.

Nianze na SQLite. Ukimtafuta mwanachama kwa `contains`, SQLite haitofautishi herufi kubwa na ndogo za alfabeti yetu. Ukiandika "juma", Juma anatokea. PostgreSQL inatofautisha, kwa hiyo kwa mteja Juma hayupo, na karani anadhani umefuta wanachama. Tena SQLite haijali urefu ulioweka kwenye safu ya maandishi. Umesema namba ya simu ni herufi 10, karani akaingiza 13 zenye +255, SQLite inapokea kimya. PostgreSQL inakataa papo hapo. Haya si makosa ya seva. Ni makosa yaliyokuwapo kwenye mfumo wako tangu mwanzo, ila hapo nyumbani hapakuwa na wa kukuonyesha.

Kisha kuna Windows yenyewe. Faili linaloitwa `Nembo.png` ukiliita `nembo.png` Windows inakuletea, Linux inakwambia halipo. Na kuna jambo la saa, ambalo kwenye mfumo wa mikopo si dogo hata kidogo. Kwenye Linux, Django huweka saa ya mchakato wake kufuata `TIME_ZONE` iliyomo kwenye `settings.py`. Kwenye Windows haiwezi kufanya hivyo, inafuata saa ya kompyuta. Kama uliacha `UTC`, saa ya kimataifa iliyokuja na mradi, basi `date.today()` kwenye laptopu yako inatoa tarehe ya Morogoro, na kwa mteja inatoa tarehe iliyo nyuma kwa saa tatu. Kazi inayokokotoa riba saa nane usiku itaandika tarehe ya jana, kwa sababu kwa UTC bado ni saa tano usiku. Fikiria hiyo ikitokea mwisho wa mwezi.

Sasa, hao washauri wako watatu. WSL 2, njia ya Windows ya kuendesha Linux ndani yake, ni kitu kizuri na ninakitumia. Ina kerneli (kiini cha mfumo) halisi ya Linux ndani ya mashine pepe nyepesi, na tangu mwaka 2022 inaendesha hata systemd, msimamizi wa huduma za Linux. Kama shida yako ingekuwa Linux tu, ningekwambia uichukue tuishie hapo. Lakini Linux zote unazoweka ndani yake zinashiriki kerneli moja na mtandao mmoja. Wewe unahitaji seva mbili zinazoongea kupitia mtandao, kila moja na anwani yake, na WSL haikupi hilo kirahisi. Docker nayo, kwenye Windows, kwa kawaida inakaa juu ya hiyohiyo WSL 2, na mteja wako hatumii kontena, yaani vifurushi vya programu ambavyo Docker huviendesha. Utajifunza kurekebisha matatizo ambayo mteja hana, na aliyo nayo hutayaona. Kufuta Windows na kuweka Linux moja kwa moja ndiyo njia bora kuliko zote kwa laptopu ya GB 8, kwa sababu KVM, kiendesha mashine pepe cha Linux, iko ndani ya kerneli yake tangu mwaka 2007 na haina uzito. Lakini hilo lifanye siku ukiwa huna kazi ya mteja mkononi.

Kwa hiyo: VirtualBox, ikiongozwa na Vagrant, mashine mbili zisizo na desktop.

Laptopu yako iliganda kwa sababu uliweka Ubuntu yenye madirisha, ambayo faili lake la usakinishaji pekee linazidi GB 5. Wahenga walisema mgeni aje mwenyeji apone. Hapa mgeni akila RAM kupita kiasi, mwenyeji ndiye anayeanguka. Windows 11 pamoja na kivinjari na kihariri cha msimbo vinataka GB 5 hivi ili uweze kufanya kazi bila kukereka. Zinabaki kama GB 2.5 za wageni wawili. Seva isiyo na desktop inaridhika na hizo: GB 1 kwa PostgreSQL, ambayo kwa chaguo-msingi inajitengea MB 128 tu za `shared_buffers`, na GB 1.5 kwa Django.

Kabla ya kupakua chochote, fungua Task Manager, nenda Performance, kisha CPU, utazame panapoandikwa Virtualization. Pakisema Disabled, ingia BIOS ukawashe. Kwenye prosesa za Intel huitwa Intel Virtualization Technology, kwenye AMD mara nyingi ni SVM Mode. Hili si pambo. Intel walianza kuweka msaada huu ndani ya prosesa mwaka 2005 na AMD wakafuata 2006, na ndio unaoifanya mashine pepe iende karibu na kasi ya kompyuta yenyewe. Ukikuta BIOS imefungwa kwa nywila, jambo la kawaida kwa laptopu zilizotumika maofisini kabla ya kuuzwa tena, mrudie aliyekuuzia.

Jambo jingine la kutazama ni kobe. Mashine ya VirtualBox ikiwa imewaka na dirisha lake liko wazi, chini kwenye upau kuna alama ndogo. Ukiona kobe wa kijani, maana yake Windows yenyewe imeshika msaada wa prosesa, ama kwa sababu WSL 2 imewashwa au kwa sababu ya ulinzi unaoitwa Memory integrity, na VirtualBox inapitia mlango wa Windows. Itafanya kazi, ila polepole. Kama WSL uliiwasha kwa kujaribu tu, izime. Lakini Memory integrity usiizime kwa ajili ya kasi. Laptopu hii ndiyo inayobeba funguo za seva ya mteja, na seva ndogo mbili za majaribio zinaweza kuvumilia mwendo wa kobe.

Sakinisha VirtualBox, kisha Vagrant. Vagrant ina kazi moja: inasoma faili ulimoeleza mashine zako, inaziumba kama ulivyoeleza. Hapa ndipo ninapotaka ubadili namna unavyoitazama mashine pepe. Usiitunze. Usiingie ndani ukasakinisha hiki leo na kile kesho hadi usikumbuke umefanya nini. Kila kitu ulichokifanya kikae kwenye faili, na faili likae kwenye Git pamoja na mfumo wako. Mashine yenyewe uweze kuifuta wakati wowote bila moyo kushtuka.

Tengeneza folda, ndani yake weka faili liitwalo `Vagrantfile`:

```
Vagrant.configure("2") do |config|
  config.vm.box = "bento/ubuntu-24.04"

  config.vm.define "db" do |m|
    m.vm.hostname = "db"
    m.vm.network "private_network", ip: "192.168.56.11"
    m.vm.provider "virtualbox" do |v|
      v.memory = 1024
      v.cpus = 1
      v.linked_clone = true
    end
    m.vm.provision "shell", path: "db.sh"
  end
end
```

Kabla ya `end` ya mwisho, rudia kipande cha `db` kwa ajili ya mashine ya pili: jina `app`, anwani `192.168.56.10`, kumbukumbu 1536, prosesa 2, na skripti `app.sh`. Huo mstari wa `linked_clone` unazifanya mashine mbili zitumie diski mama moja, kila moja ikiandika mabadiliko yake tu. Kwa SSD ya GB 256 utaushukuru. Maelekezo mengi ya zamani yatakuambia utumie maboksi, yaani mashine za kuanzia zilizokwisha tayarishwa, ya Canonical wenyewe, watengenezaji wa Ubuntu, yanayoanza na `ubuntu/`. Kwa 24.04 hutalipata. Waliacha kuyatengeneza baada ya kampuni ya HashiCorp, wenye Vagrant, kubadili leseni mwaka 2023. Mradi wa Bento unatengeneza maboksi safi, nami nimeyatumia bila tatizo.

Anwani hizo za 192.168.56 usizichukulie kama urembo. VirtualBox huipa kila mashine mtandao wa NAT ili ifike intaneti, na ndani ya NAT hiyo kila mashine hujiona ni 10.0.2.15. Zote mbili! Wengi hupoteza siku nzima hapo wakishangaa kwa nini seva moja haiioni nyingine, kumbe kila moja ikiita anwani hiyo inajiita yenyewe. Mtandao wa pili, huu wa ndani, ndio unaozikutanisha, na laptopu yako nayo imo. Usitumie mtandao wa aina ya bridge ukiwa ofisini kwa watu au kwenye Wi-Fi ya mgahawa. Utakuwa umeiweka seva ya majaribio, yenye nywila ya majaribio, mbele ya kila aliye kwenye mtandao huo.

Hii hapa `db.sh`:

```
#!/bin/bash
set -e
mkdir -p /vagrant/deb
cp -u /vagrant/deb/*.deb /var/cache/apt/archives/ 2>/dev/null || true
apt-get update
apt-get install -y postgresql
cp -u /var/cache/apt/archives/*.deb /vagrant/deb/ || true

sudo -u postgres psql -c "CREATE ROLE mikopo LOGIN PASSWORD 'jaribio'"
sudo -u postgres createdb -O mikopo mikopo
echo "listen_addresses = '*'" > /etc/postgresql/16/main/conf.d/mtandao.conf
echo "host mikopo mikopo 192.168.56.10/32 scram-sha-256" >> /etc/postgresql/16/main/pg_hba.conf
systemctl restart postgresql
```

Mistari inayonakili faili za `.deb` ni kwa ajili ya bando lako. Folda ya `/vagrant` ndani ya mashine ndiyo folda yako ya Windows yenye Vagrantfile. Mara ya kwanza vifurushi vinapakuliwa na nakala inabaki Windows. Ukiifuta mashine na kuiumba upya, vinachukuliwa hapo. Tumia `apt-get` kwenye skripti, si `apt`, kwa sababu `apt` hufuta ilivyopakua mara inapomaliza kusakinisha. Boksi lenyewe linapakuliwa mara moja tu, na kama mwenzako analo, mwombe faili lake kwenye flashi, uliingize kwa `vagrant box add --name bento/ubuntu-24.04` ukifuatisha jina la faili. Vifurushi vya Python navyo vina dawa yake: ukiwa ndani ya mashine, si kwenye Windows, toa amri `pip download -r requirements.txt -d /vagrant/pip`, na siku nyingine sakinisha kwa `pip install --no-index --find-links /vagrant/pip -r requirements.txt`. Ukizipakua ukiwa Windows utapata zilizotengenezewa Windows, na hazitakusaidia.

Mistari ya mwisho miwili kabla ya kuwasha upya PostgreSQL ndiyo yenye somo kubwa. PostgreSQL ikisakinishwa husikiliza ndani ya mashine yake tu, na hata ikisikiliza mtandao, haimpokei mtu asiyeandikwa kwenye `pg_hba.conf`. Ukiweka hifadhidata na programu kwenye mashine moja, kosa hili hutaliona mpaka ufike kwa mteja. Ndiyo maana nimekusisitizia mbili.

Kwenye `app.sh`, usifanye mambo kwa mtumiaji `vagrant`. Ana ruhusa ya `sudo` bila kuulizwa nywila, na ruhusa hiyo inaficha makosa. Mtengenezee mfumo mtumiaji wake, `adduser --system --group mikopo`, weka msimbo kwenye `/srv/mikopo`, andika faili la huduma la systemd linaloendesha Gunicorn (ndiyo inayoendesha Django) kwa jina la mtumiaji huyo, na nginx, seva ya wavuti, mbele yake. Nimesema `/srv` kwa makusudi. Tangu toleo la 21.04, folda za nyumbani za Ubuntu hufungwa kwa ruhusa 750, hivyo nginx haiwezi kuingia `/home` kuchukua picha na faili za mtindo. Mfumo unafunguka ukiwa uchi, hauna rangi, na ukitazama kwenye kumbukumbu za nginx unakuta 403, yaani hairuhusiwi. Nadhani hili nalo limeshakukuta kwa mteja.

Ukimaliza, `vagrant up db`, halafu `vagrant up app`, na `vagrant ssh app` uingie. Ikitokea `pip` ikakatika na neno moja tu, Killed, RAM imekwisha na kerneli imeiua. Ndani ya `app.sh` ongeza faili la swap (nafasi ya diski inayoisaidia RAM) la GB 1, hilo huwa linatosha.

Msimbo ukae wapi? Hapa watu hugawanyika, nami nina msimamo. Uweke ndani ya mashine, kwenye diski yake yenyewe, si kwenye folda ya `/vagrant`. Folda ya pamoja ni polepole faili zikiwa nyingi, haishiki ruhusa unazoziweka kwa `chmod`, na ukihariri faili upande wa Windows, Linux haipati taarifa kwamba limebadilika, kwa hiyo zana zinazosubiri taarifa hiyo hazishtuki. Hariri kutoka Windows kupitia SSH. VS Code inaweza, na `vagrant ssh-config` itakupa maelezo ya kuunganisha. Itakula mamia ya megabaiti ndani ya mashine, ndiyo sababu `app` nimeipa 1536.

Gharama ya msimamo wangu ni kwamba ukifuta mashine, msimbo usioupeleka nje unafutika nao. Kwa hiyo kila unaposimama, `git push`. Bando likiwa limekwisha, `git bundle create /vagrant/mikopo.bundle --all` inatoa historia yote ya mradi kama faili moja kwenye diski ya Windows, bila intaneti. Na kwa kuwa sasa utakuwa unahamisha skripti kati ya Windows na Linux, weka kwenye `.gitattributes` mstari huu: `*.sh text eol=lf`. Bila huo, siku moja utaambiwa bash haipo ilhali unaiona kwa macho.

Kuhusu umeme. Unapoondoka mezani, `vagrant suspend` inahifadhi hali ya mashine kwenye diski, na `vagrant resume` inakurudisha ulipoishia. Ukirudi, tazama `timedatectl` kabla ya lingine lolote. Saa ya mashine ikibaki nyuma, `apt-get update` itakataa ikidai taarifa za Ubuntu zimetoka siku zijazo. Kama betri yako haishiki chaji, usitegemee snapshoti za VirtualBox, yaani nakala za hali ya mashine, kama akiba. Zinakaa kwenye diski ileile, na zinainenepesha. Afadhali `pg_dump` kila jioni kwenda `/vagrant`.

Na hicho utakachokuwa unakihifadhi kiwe data ya kubuni. Najua kishawishi cha kuchukua hifadhidata ya mteja nzima ili ujaribie nayo. Majina ya wanachama, namba zao za simu na madeni yao hayana sababu ya kuwa kwenye laptopu inayopanda daladala. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakugusa wewe pia, si SACCOS peke yake. Andika skripti fupi inayozalisha wanachama 500 wa uongo, wengine wenye majina marefu, wengine wenye namba za simu zilizoandikwa vibaya, wengine wenye mikopo iliyoingizwa saa nane usiku. Hao watakufundisha zaidi kuliko data halisi.

Kisha fanya jaribio hili kabla ya kurudi kwa mteja. `git push`, halafu `vagrant destroy -f`, halafu `vagrant up`, uondoe mikono kwenye kibodi. Mfumo ukifunguka kwenye kivinjari chako kwa `http://192.168.56.10` bila wewe kuingia ndani kurekebisha chochote, skripti zako zimekamilika. Usipofunguka, kuna kitu ulikifanya kwa mkono ukasahau kukiandika, na hichohicho ndicho kinachokosekana kwenye seva ya mteja. Niandikie kosa la kwanza utakalolikuta kwenye `journalctl -u mikopo`, ulinakili lote kama lilivyo bila kufupisha, nitakusaidia kulisoma.